Pori Lisilowahi Kukaliwa na Mtu

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mapema ili afande atakayepewa kazi ya kuyasoma haya asihangaike kufika mwisho. Tuna Wizara ya Mandhari, iliyoniajiri kama karani kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika jambo ambalo sikuagizwa kuliona. Jina langu ni Kheri Mdoe. Popote nitakapokosea, nimekosea kwa mapenzi mema.

Kaskazini kabisa mwa pwani yetu kuna mahali paitwapo Rasi Mvumo. Miamba yake imechongoka kama meno ya papa, na chini yake kuna mapango ambayo maji yakiingia hutoa sauti kama ya ng'ombe anayechinjwa polepole. Mgeni husikia sauti ile akadhani atazoea. Hazoei. Upande wa kushoto ni mikoko, maili kwa maili, na matope yake yakikushika hayakuachii kiatu. Mbele ya mikoko kuna hori, mkono mwembamba wa bahari, na ng'ambo ya hori ni nchi ya jirani, ambako sheria zetu, kwa bahati mbaya, hazifiki.

Zamani palikuwa na kijiji pale, kikiitwa Shungwi. Nasahihisha: hapakuwa. Mwaka juzi Mheshimiwa Daktari Kirumbi, Waziri wetu, aliandika kwa mkono wake tangazo kwamba Rasi Mvumo ni Pori la Asili Lisilowahi Kukaliwa na Mtu, na wageni wa nje wakalipenda sana jina hilo. Watu wa Shungwi walipewa siku tatu za kutowahi kuishi pale. Wengi walitii, wakapakiwa kwenye malori. Wachache wakaingia mikokoni na mbuzi wao, na hao ndio walioiumiza Wizara kichwa, maana mtu ambaye hayupo ni vigumu sana kumkamata.

Askari waliwatafuta miezi saba kwa darubini. Hawakuona kitu. Ndipo Wizara ikaanzisha Makazi ya Msanii.

*

Tangazo lilisema msanii mmoja atapewa nyumba, chakula na utulivu kwa siku thelathini, mahali ambapo binadamu hajakanyaga, ili achore pwani jinsi ilivyo. Aliyechaguliwa ni Siwema Kitunga, mchoraji wa mjini, mwanamke wa miaka thelathini na minane. Alikuwa na sifa ya kuchora vitu vilivyo, kosa ambalo serikali ilimsamehe kwa sababu alichora matunda tu. Mimi nikateuliwa kuwa Karani wa Makazi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila jioni kile msanii alichokiona mchana.

Tulipofika, Siwema alisimama mlangoni akitazama ukutani, mahali palipopigiliwa mbao nne. Kati ya mbao na mbao ulionekana ubao mweusi, na juu yake hesabu za chaki: kumi na saba toa tisa.

"Kaka Mdoe," akaniambia, "hii nyumba ilikuwa shule?"

"Ni jengo la asili, dada," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu anayetazama tunda lenye doa, akijiuliza kama doa nalo alichore. Kisha akaingiza mizigo yake.

Mpishi wetu aliitwa Mama Hadia. Jalada lake lilisema ametoka makao makuu na hajawahi kufika Rasi Mvumo. Siku ile ya kwanza alichukua ndoo, akapita nyuma ya nyumba, akazunguka kichaka cha mkonge kwa kushoto bila kuuliza mtu, akarudi na maji ya kisima. Niliona. Sikuandika, kwa kuwa sikuagizwa kumwona mpishi.

Juu ya mwamba mrefu kuliko yote palikuwa na kambi ya askari kumi na wanane, na kiongozi wao Kapteni Dologo. Kila jioni Kapteni alishuka na rula mkononi, akasoma ripoti yangu, akaipima picha, akasema, "Sanaa ni uti wa mgongo wa usalama," akapanda tena.

Siwema alichora kwa furaha siku mbili. Siku ya tatu aliniita penye turubai.

"Unaona kule mikokoni, kaka? Pale miti inapoinama. Kuna moshi mwembamba, kama uzi. Si kijivu, una ubuluu ndani yake. Macho haya aliyonipa Mungu yananipa kazi!"

Mimi sikuuona moshi mpaka nilipouona kwenye picha. Kumbe ndivyo ilivyo kazi ya wachoraji. Jioni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Msanii ameona moshi wa rangi ya kijivu na buluu, sentimita nane kutoka ukingo wa kushoto wa picha." Nikachora na mshale.

Mwandiko wangu ulishawahi kusifiwa na wakurugenzi wawili.

*

Kesho yake, saa tano asubuhi, askari walitoka mikokoni wakiwa na matope mpaka kifuani. Walikuwa wamebeba sufuria moja, jamvi moja, na mzee mmoja. Mzee alifungwa mikono kwa kamba ya nailoni, na mguu mmoja haukuwa na kiatu. Walimpitisha mbele ya baraza letu kwa sababu ndipo njia ilipopita.

Mama Hadia alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka, mchele wote ukamwagika chini. Yule mzee alimtazama mara moja tu, kisha akageuza uso haraka na kutazama bahari, kama mtu asiyemjua kabisa. Mpaka leo sijawahi kuona mtu akimnyima mwenzake salamu kwa upendo namna ile.

Kapteni Dologo alipanda barazani, akampigia Siwema saluti.

"Jicho lako, dada! Miezi saba sisi tunatafuta kwa darubini, wewe siku tatu kwa brashi! Sentimita nane kutoka ukingo, nami nimeenda na rula, nimemkuta pale pale."

"Umemkuta nani?" Siwema akauliza.

"Hakuna mtu. Hapa hapana watu."

"Na huyo?"

"Huyo ni kitu kilichookotwa," Kapteni akasema kwa upole. "Kuna fomu yake." Akamgeukia Mama Hadia. "Mama, okota mchele, utaliwa na kuku."

Gari likaondoka na mzee. Siwema alibaki amesimama, brashi mkononi, rangi ikidondokea mguuni pake. Kisha akanijia, akanisogelea kiasi kwamba niliweza kusikia meno yake yakigongana. Kulikuwa na joto siku ile.

"Ulijua?"

"Mimi ni karani, dada."

"Nimekuuliza, kaka Mdoe, ulijua?"

Nilitaka kumwambia kwamba kujua si sehemu ya majukumu yangu. Lakini mapango chini yetu yakanguruma, na kwa mara ya kwanza nilihisi yananguruma kwa ajili yangu.

*

Siku iliyofuata alitangaza kwamba hatachora tena. Nikamsomea Kanuni ya Kumi na Nne, kwa sauti ya chini, kwa sababu niliona aibu: msanii wa Makazi asiyechora atahesabiwa kuwa amegoma kuona, na adhabu yake ni kupelekwa mahali pasipo na dirisha.

Basi akachora. Aliacha mikoko akachora anga. Kapteni akaja na rula yake.

"Ndege hawa weupe wanarukia wapi?"

"Ni ndege tu, afande."

"Ndege hawaruki bure. Kuna kilichowashtua." Akapima kutoka ndege wa kwanza mpaka wa mwisho, na asubuhi iliyofuata askari waliingia mikokoni upande ule. Walirudi na kamba ya mbuzi, ncha yake bado mbichi.

Akachora anga bila ndege. Kapteni akauliza ndege wamefichwa wapi. Akachora mawe matupu. Kapteni akauliza kwa nini jiwe moja limelainika kuliko mengine, ni nani hulikalia? Siwema akawa anachora huku anafuta. Hakula. Nilimwona akitazama nje kisha anafumba macho upesi, kama mtu anayeogopa kwamba akitazama sana, mtu atakamatwa. Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nami niliogopa, ila kwa namna ya kikarani. Niliandika ripoti fupi zaidi. "Leo msanii ameona jiwe." Nikijua kwamba hata hilo jiwe nimelichongea.

Siku ya ishirini na tano nilikwenda jikoni kuomba maji ya kunywa. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikasikia sauti ya Mama Hadia.

"Mwanangu, yule mzee ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Waliobaki wamo humo, na maji ya kunywa yamewaishia. Jumanne ni bamvua. Bahari itakupwa mpaka kule, na fungu la mchanga litatoka lote kuanzia saa tatu na nusu. Mtu anaweza kuvuka hori kwa miguu hadi ng'ambo. Lakini fungu ni jeupe kama karatasi, na wale juu ya mwamba wana darubini. Wakitoka wataonekana kama sisimizi kwenye ugali."

Kisha Siwema, kwa sauti iliyokauka:

"Mama, Jumanne si ndiyo siku anayokuja Waziri kufunga Makazi?"

Nilirudi na kikombe changu kikavu. Kiu ilikuwa imekwisha yenyewe.

*

Mheshimiwa Daktari Kirumbi aliwasili Jumanne saa mbili na nusu, akiwa na magari sita na kiti chake mwenyewe. Alitoa hotuba kwa watu tisa na mawe.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa wananchi hawakuwepo kwa tangazo lake mwenyewe, "taifa lisilo na mandhari ni kama mwanamume asiye na paji la uso. Wengine wana dhahabu, sisi tuna upweke. Tutaulinda upweke huu mpaka mtu wa mwisho!"

Tukapiga makofi. Siwema akasogea mbele, akainama.

"Mheshimiwa, nimechora kila kitu hapa isipokuwa chenye thamani. Naomba kukuchora wewe. Wewe na walinzi wa pori, wote, mkiwa na bahari mgongoni."

Uso wa Waziri ulifunguka kama duka siku ya sikukuu. "Wote?"

"Wote, Mheshimiwa. Kiongozi bila safu nyuma yake huonekana kama amepotea njia."

Kapteni Dologo akakohoa. "Mheshimiwa, tukishuka sote, juu atabaki nani kuangalia mikoko?"

"Kuangalia nini?" Waziri akauliza.

"Watu, Mheshimiwa."

"Watu gani?" Sauti ya Waziri ikawa nyembamba. "Kapteni, umesoma tangazo langu?"

Kapteni akatoa amri. Askari kumi na wanane wakateremka, wakapangwa safu tatu ukingoni mwa mwamba, migongo baharini, nyuso kwa Siwema. Waziri akaketi mbele kwenye kiti chake. Mimi nilipewa mwavuli wa kumkinga jua. Upepo ulikuwa unatoka baharini kwa nguvu, na mwavuli haushikiki ukiupa upepo mgongo. Hivyo, kati ya wanaume wote waliokuwa pale, mmoja peke yake alielekea baharini. Mimi.

Saa tatu na nusu, fungu la mchanga likatoka, jeupe kama alivyosema Mama Hadia. Baada ya dakika kumi mikoko ikafunguka na mtu wa kwanza akatoka.

Sitasema niliona nini, kwa sababu nimeapa. Nitasema tu kwamba walitembea mmoja mmoja, wameinama, na hawakukimbia. Mtu anayekimbia kwenye mchanga mweupe huonekana haraka. Kulikuwa na wazee. Kulikuwa na mwanamke aliyeshika mbuzi mdomo kwa kiganja. Ningeweza kusema neno moja, na nilikuwa na mdomo. Miaka ishirini na miwili ilikuwa inanisukuma mgongoni: Sema, karani, si umeona? Jasho likanitoka mpaka mpini wa mwavuli ukateleza.

Siwema alichora. Macho yake hayakuonekana kutoka kwenye uso wa Waziri hata kidogo.

Mbuzi akalia. Mara moja tu, mbali, sauti nyembamba juu ya upepo. Askari wa safu ya mwisho akaanza kugeuza shingo.

"Wewe! Wa tatu kutoka kulia!" Siwema akapaza sauti mpaka mimi nikaruka. "Ukigeuka nitakuchora kisogo, na nani atakipandisha cheo kisogo?"

Wenzake wakacheka. Askari akakaza shingo.

"Nimesikia kama mbuzi," Kapteni akasema bila kusogeza midomo.

"Ni mapango," akasema Waziri, naye bila kusogeza midomo. "Usiniharibie picha."

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Maji yakaanza kurudi kwenye fungu kama ulimi. Wengi walikuwa wameshafika ng'ambo na kupotea majanini, lakini katikati alibaki mwanamke mmoja, mzito, anakwenda taratibu, maji yakimfika vifundoni. Na hapo Waziri akapiga mapaja yake.

"Imetosha. Kiuno kinaniuma."

Akainuka nusu. Nikajikuta naomba dua ambayo sikuwahi kuisoma tangu utotoni.

"Bado jicho la kushoto, Mheshimiwa," Siwema akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na Waziri akadhani ni kwa ajili ya sanaa. "La kulia lina huruma, nimelimaliza. La kushoto lina hekima, na hekima inasumbua kuchora. Nikiacha hivi, taifa litakuona una huruma tu."

Waziri akafikiri juu ya kuonekana na huruma tu. Akaketi.

Ilimchukua Siwema dakika kumi na tano kulichora jicho lile. Kisha akashusha brashi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi," akakaa chini palepale kwenye mawe, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Safu ikageuka. Nyuma yao palikuwa na bahari tupu, imeshalifunika fungu.

Waziri akaitazama picha muda mrefu. "Nyuma yangu umepaacha patupu."

"Ndivyo ulivyoandika, Mheshimiwa."

*

Alasiri Kapteni aliingia mikokoni mwenyewe. Alikuta mafiga ya sehemu tisa, majivu yake bado moto. Jioni haijaingia, tukaitwa kwenye kikao cha uchunguzi mezani petu pa kulia chakula. Waziri alikaa chini ya ubao uliopigiliwa mbao. Tulingoja nje zamu zetu, na nje mapango yalikuwa yanachinja ng'ombe wao.

Siwema aliitwa kwanza, mlango ukiwa wazi ili sote tuogope kwa pamoja.

"Ulielekea baharini zaidi ya saa nzima," Kapteni akasema. "Uliona nini?"

"Uso wa Mheshimiwa."

"Na nyuma yake?"

"Sikutazama."

"Hata mara moja? Hata pembeni kidogo?"

Siwema alishika ukingo wa meza. "Afande," akasema, "unataka iandikwe kwamba mahali alipoketi Mheshimiwa, palikuwa na kitu kingine kinachostahili kutazamwa?"

Waziri akamgeukia Kapteni polepole sana. "Ndiyo, Kapteni. Unataka iandikwe?"

Kapteni hakutaka. Akatafuta pa kutokea, akaniona mimi.

"Karani! Wewe na mwavuli wako ulielekea wapi?"

Nikaingia. Katika maisha yangu sijawahi kujibu swali kabla ya kujua jibu linalotakiwa.

"Baharini, afande."

"Uliona nini?"

"Tundu," nikasema. "Mwavuli una tundu, Mheshimiwa. Jua lilikuwa linapenya likitafuta sikio lako, na mimi muda wote nilikuwa nalitazama tundu hilo lisije likapitisha jua. Naomba radhi sikuripoti."

"Leteni mwavuli," akasema Kapteni.

Wakauleta. Wakaufungua mezani, wakauinua kwenye mwanga wa dirishani. Kapteni akaukagua ubavu kwa ubavu, na kila ubavu nilikufa kidogo. Katika ubavu wa sita palikuwa na tundu, dogo, la mviringo, kiasi cha ncha ya kalamu. Waziri akaweka jicho lake la kushoto pale, akachungulia nje.

"Lipo," akasema kwa huzuni. "Maskini, alikuwa ananilinda."

Nilikuwa nimelitoboa nilipokuwa nangoja zamu yangu.

Uamuzi wa kikao ulisomwa kesho yake: kwa kuwa hakuna aliyeona watu, hawakuvuka; kwa kuwa hawakuvuka na sasa hawamo, hawakuwahi kuwemo, na moto wa majivu ni joto la asili la ardhi. Kapteni Dologo alihamishwa, akapewa kipimajoto na kazi ya kulipima joto hilo mpaka litakapokwisha. Mama Hadia alipomwendea Waziri, akapiga magoti na kuuliza habari za mzee aliyechukuliwa na gari, alijibiwa kwamba serikali haiwezi kumwachia mtu ambaye hayupo. Alibaki amepiga magoti hata magari yalipoondoka. Hakuna aliyeniagiza kuliandika hilo. Nimeliandika.

Siku ya thelathini lilikuja gari la Wizara kutuchukua mimi na Siwema. Dereva tulikuwa hatumjui. Tulipita kwenye mawe kwa muda mrefu, mpaka sauti ya mapango ikapotea nyuma yetu. Siwema alikuwa amefumba macho, kichwa kwenye kioo. Nilidhani amelala.

"Arobaini na mmoja," akasema, bila kufumbua macho.

Nikamtazama dereva. Nikatazama shingo yake, na masikio yake, makubwa, yaliyotulia. Nikasema, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi:

"Arobaini na wawili. Yule mama wa mwisho alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunika kwa kanga."

Dereva akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.